Maneno ya Koleta Msibani

Jumatano ya tarehe 16 Novemba 2005, saa nne asubuhi, Aurelia alikwenda bondeni kutoa muhogo wake majini. Ilipofika saa kumi alasiri alikuwa amekwisha kufa, njiani, juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa na wanaume wanne waliokuwa wakimkimbiza zahanati. Wanaume wale walisimama, wakashusha kitanda, wakaangaliana, halafu wakageuza kichwa cha kitanda kielekee kijijini. Mumewe, Teofili, aliyekuwa nyuma amebeba ndara za mkewe mkononi, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa kwa nini wanarudi.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Visima vya Nampunda, kijiji cha huku kata ya Chunyu, vilibaki tope tupu. Watu wa hapo wanaishi kwa korosho, ufuta na muhogo mchungu, ule usiolika mpaka ulowekwe majini siku nne ukali wake utoke. Bila maji hakuna kuloweka, na bila kuloweka hakuna ugali. Kwa hiyo mwezi wa kumi, maji yalipoanza kutoka yenyewe chini ya kilima cha kampuni ya dhahabu na kufanya kidimbwi kwenye korongo kavu, wanawake hawakuuliza yametoka wapi. Walishukuru.

Juu ya kilima wazungu walikuwa wamechimba lambo, wakalitandika nailoni nyeusi, wakawa wanaosha mchanga wa dhahabu kwa dawa. Mwenyekiti wa kijiji aliambiwa na kampuni kwamba nailoni ile haipitishi hata tone, naye akawaambia wananchi mkutanoni. Hakupanda kuangalia. Viongozi wetu ni watu wa kuambiwa. Ukimwambia vizuri, na kumpa kiti, anakwenda kuwaambia wengine.

Muhogo wake Aurelia aliuzamisha Jumamosi, yeye na jirani yake Koleta, kila mmoja na kapu lake, wakaweka mawe juu. Jumatano wakautoa pamoja. Koleta akaanika wake, maana alikuwa bado na unga wa zamani. Aurelia hakuwa na kitu ndani. Alichukua vipande vichache, akavichemsha, akala na chumvi, akambakizia binti yake Jenifa aliyekuwa shuleni. Maganda akawatupia kuku.

Teofili aliporudi kutoka kuokota korosho alikuta kuku wawili wamelala ubavu karibu na mafiga, na mkewe ameketi mlangoni, anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

“Baba Jenifa, nishike,” alisema. “Nyumba inazunguka.”

Teofili alidhani ni malaria. Alimchemshia maji. Wale kuku aliwatupa chooni, asije mtu akawapika.

Jenifa alipofika alikuta sufuria limefunikwa. Hakula, kwa sababu watu walikuwa wamejaa uani na mama yake alikuwa anawekwa kitandani.

*

Huku kwetu msiba una watani wake. Ukoo fulani ni watani wa ukoo fulani tangu mababu, na siku ya kuzika mtani ndiye mwenye kazi. Anapika, anateka maji, anashika jembe, na zaidi ya yote anamsema marehemu. Anamwiga alivyotembea, anavaa nguo zake, anamzulia uchoyo na ulevi ambao hakuwa nao, mpaka wafiwa wacheke, kwa sababu mtu akilia siku mbili bila kucheka atamfuata maiti. Kinachosemwa na mtani hakikasirikiwi wala hakiulizwi. Kinaishia pale pale kwenye turubai.

Mtani wa Aurelia alikuwa Koleta.

Alitoka ndani amejifunga kanga ya marehemu, ungo wa marehemu kichwani, akapita katikati ya watu kwa ule mwendo wa Aurelia wa kuegemea kushoto.

“Jamani nipisheni, nina njaa,” alisema kwa sauti ya marehemu. “Muhogo wangu umelala usiku mmoja majini, unatosha. Mtani wangu Koleta ananiambia ngoja siku nne. Siku nne nimekuwa bikira wa misheni mimi? Bora nife nimeshiba.”

Akajifanya anatafuna kwa mashavu mawili, akaanguka chali, miguu juu. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Jenifa alicheka, halafu akalia. Hata Teofili, ambaye tangu jana yake hakuwa amefumbua mdomo, alitoa sauti puani, akafuta uso kwa kiganja.

Kwenye kiti cha plastiki, chini ya turubai, alikuwa ameketi mtu mmoja ambaye hakucheka. Aliitwa Nicholaus, afisa mahusiano wa kampuni, mtu wa Dar es Salaam. Alikuwa ameleta gunia la mchele na sukari kilo kumi, vimewekwa mbele ya watu wote wavione. Alimwinamia mwenyekiti.

“Yule mama ni nani?”

“Koleta. Mke wa Benedikto, mlinzi wenu wa getini. Jirani wa marehemu.”

“Alikuwa naye siku ile?”

“Wale? Walikuwa wanakwenda bondeni pamoja kila siku.”

Nicholaus akatoa kijitabu mfukoni, akaandika.

Mwenyekiti angeweza kumwambia kwamba huyu ni mtani na haya ni maneno ya msibani. Neno moja tu. Hakulisema. Pengine hakufikiri. Pengine alikuwa anafikiri gunia litagawanywaje.

*

Mganga wa zahanati, kijana aliyekuwa bado anaipenda kazi yake, alikuwa ameifuata maiti kijijini, akachukua damu ya marehemu na muhogo uliobaki sufuriani, akavituma kupimwa. Majibu yalirudi mwezi wa pili mwaka uliofuata. Yalisema sayanaidi.

Mkutano uliitwa kwenye banda la ofisi ya kijiji. Teofili alivaa shati lake la kanisani. Alidhani siku ile kampuni itasema ilichofanya, kwa sababu hata yeye, aliyeishia darasa la nne, alikwishaambiwa na vijana waliofanya kibarua kule juu kwamba ile dawa ya dhahabu inaitwa hivyo hivyo.

Nicholaus alisimama na karatasi.

“Ndugu wananchi, sumu hii siyo ngeni kwenu. Imo ndani ya muhogo mchungu. Imeumbwa nao. Ndiyo maana mababu zenu walikuwa wanauloweka. Wataalamu wetu wanasema marehemu alikula muhogo ambao haukulowekwa inavyotakiwa.”

“Ulilowekwa siku nne,” Teofili alisema, ameketi.

“Simama mzee unapoongea,” mwenyekiti alisema.

Teofili akasimama. “Siku nne. Kwenye maji yenu.”

“Mzee, pole sana kwa msiba. Ila tuna shahidi. Jirani wa marehemu, aliyekuwa naye, ametamka hadharani mbele ya watu zaidi ya mia kwamba muhogo ulikaa usiku mmoja. Na marehemu alionywa, hakusikia.” Alisoma polepole. “‘Bora nife nimeshiba.’ Ndiyo maneno yaliyosemwa.”

Banda zima likageukia upande wa wanawake. Koleta aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

“Ule ulikuwa utani,” mtu mmoja alisema nyuma.

“Mimi niliandika nilichosikia,” Nicholaus alisema. “Hakuna aliyesimama kukanusha. Wote mlicheka.”

“Basi na yale maji?” Teofili aliuliza. “Njiwa wanakufa pale kila asubuhi.”

“Tuliweka kibao cha hatari.”

“Kibao kiko juu, kwenye uzio, kwa Kiingereza. Maji yako chini.”

“Mzee Teofili,” mwenyekiti alisema, “muda.”

“Kwa hiyo mke wangu alikuwa hajui kupika muhogo?”

Walikwenda kwenye ajenda ya choo cha shule.

Baada ya mkutano ule jina la Aurelia lilianza kutembea lenyewe. Mama mkwe akimfundisha mkwe wake anasema angalia, usije ukatupikia kama yule. Shuleni Jenifa aliitwa Usiku Mmoja. Alirudi akamwambia baba yake, naye Teofili akamwambia asiwajibu, halafu akakaa na shoka mkononi muda mrefu bila kupasua kuni. Miaka kumi na tano Aurelia alilisha nyumba ile muhogo mchungu, hakuna aliyeumwa hata tumbo. Mzungu alikuwa amekaa pale miezi minane tu, Aurelia akafa.

*

Wakili alikuja mwaka huo huo, mwezi wa sita. Aliitwa Marselina, wa shirika moja la msaada wa sheria, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Alipanda mpaka kwenye uzio, akashuka mpaka kidimbwini, akapiga picha, akajaza chupa mbili. Halafu akaketi kwenye kigoda uani kwa Teofili.

“Mzee, majibu yanasema sayanaidi. Hayasemi imetoka wapi. Wao wanasema muhogo, sisi tunasema lambo. Nani anajua ulikaa siku ngapi, na ulikaa wapi?”

“Koleta.”

“Ambaye ameandikwa amesema usiku mmoja.”

“Dada wakili, ule ni utani.”

“Najua. Lakini ukishaandikwa hauonekani kama utani. Hakimu atasoma karatasi, hataona kanga wala ungo. Lazima aje mwenyewe aseme.”

Teofili alichora chini kwa kijiti.

“Mtani hadaiwi maneno ya msibani,” alisema. “Nikienda kumdai nitakuwa mimi ndiye niliyekosa.”

“Basi usimdai. Mwombe.”

“Kuna tofauti kwenu huko?”

Marselina alifunga chupa zake kwenye mfuko wa plastiki, akaandika tarehe.

*

Teofili alikwenda kwa Koleta jioni ya siku ya pili, kabla jua halijazama. Benedikto alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka getini, bado amevaa sare za kampuni, amenyoosha miguu kwenye mkeka. Koleta alikuwa anachambua mbaazi. Alipomwona Teofili alisimama, akaketi tena.

“Karibu, shemeji,” Benedikto alisema. “Koleta, mpe mtani wako kiti.”

Zamani Koleta angesema mtani wangu akae chini, makalio yake hayajui kiti. Alileta kiti bila neno.

“Sikuja kudai,” Teofili alisema. “Nimekuja kuuliza, unijibu mimi tu. Siku ngapi?”

“Unajua ni siku nne,” Koleta alisema.

“Usiku mmoja uliutoa wapi?”

“Niliutoa mdomoni, mtani. Ningesema siku nne nani angecheka?”

“Ukawaambie hivyo hivyo mahakamani.”

Benedikto alikunja miguu. “Shemeji, ngoja. Huyu akisimama akasema, kesho yake mimi sina kazi. Nina watoto wanne wanakula kwenye geti lile. Nitarudi kuokota korosho.”

“Mimi naokota korosho.”

“Ndiyo,” Benedikto alisema. “Na ninakuona.”

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliingia ndani zaidi. Teofili alitazama shati lake, mshono wa begani alioushona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Akaaga. Koleta alimsindikiza mpaka kwenye kona ya ua, kama ilivyo desturi.

Kesi ilifunguliwa bila Koleta. Ilitajwa, ikaahirishwa. Ikatajwa tena, ikaahirishwa. Mara wakili wa kampuni anaumwa, mara jalada halionekani, mara hakimu ana semina. Kila mara Teofili alitoka Chunyu mpaka Nachingwea kusikia tarehe nyingine. Aliuza baiskeli, baadaye mlango wa bati wa jikoni. Kampuni ilituma barua moja mahakamani ikisema haina la kuongeza zaidi ya maelezo ya shahidi wa msibani.

*

Mwezi wa saba mwaka 2007, siku moja kabla ya kesi kusikilizwa, Koleta alikuja alfajiri na mkoba mdogo begani. Teofili alikuwa anafunga mlango.

“Lori la ufuta linaondoka saa ngapi?” Koleta aliuliza.

“Saa moja. Unakwenda wapi?”

“Unakokwenda wewe.”

Teofili alimtazama.

“Wiki iliyopita tulizika kule Mbangala,” Koleta alisema. “Watani wangu wale. Nikasimama nianze kumsema marehemu. Kijana mmoja akasema, mama nyamaza, maneno yako huwa yanaandikwa. Hakuna aliyecheka. Watu wamezika kimya, kama wanazika mbwa. Na msiba wa kabla ya huo hivyo hivyo. Sasa watani wanaogopa, wanateka maji tu na kuondoka.” Alipandisha mkoba begani. “Mimi ndiye niliyeharibu.”

“Siyo wewe.”

“Mdomo ulikuwa wa nani?”

“Na Benedikto kasemaje?”

“Kasema nichukue sweta. Nachingwea asubuhi kuna baridi.”

Walipanda juu ya magunia. Njiani Koleta hakutania hata mara moja, ila lori lilipoyumba kwenye makorongo alimshika Teofili mkono wa shati, asianguke, naye Teofili akauacha pale.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa na benchi nne na dirisha lisilo na kioo. Wakili wa kampuni alivaa suti ya rangi ya majivu. Alimsomea Koleta maneno yake mwenyewe, yote, kuanzia nipisheni nina njaa mpaka nimeshiba, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kodi.

“Haya ni maneno yako?”

“Ndiyo yangu.”

“Yalikuwa kweli?”

“Hayakuwa kweli. Nilikuwa mtani.”

“Kwa hiyo unapokuwa msibani unasema uongo.”

“Msibani ninafanya kazi,” Koleta alisema. “Na siku ile nilijifunga kanga ya marehemu, nikaanguka chali. Yule bwana mbona hakuandika kwamba marehemu alifufuka akatembea?”

Watu kwenye benchi walicheka. Hakimu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifunika mdomo.

“Kwetu pia tuna watani,” alisema. “Endelea, wakili.”

“Mliloweka muhogo kwenye kidimbwi kimoja, siku moja, mkautoa siku moja. Sivyo?”

“Ndivyo. Jumamosi mpaka Jumatano.”

“Sasa mbona wewe hukufa?”

Koleta alishika ukingo wa kizimba.

“Kwa sababu mimi nilikuwa na debe la unga ndani, yeye hakuwa nalo,” alisema. “Wangu nilikuwa bado nimeanika. Tulipotoka kuzika niliuzoa nikaumwaga. Bila lile debe tungezikwa wawili, na wewe ungekosa wa kumuuliza.”

Hakimu aliandika. Aliandika muda mrefu. Teofili, aliyekuwa ameketi mbele, aliona kalamu inakwenda na kurudi, akasikia ndani yake kitu ambacho hakuwa nacho tangu ile Jumatano. Siku nne zilikuwa zinaandikwa. Serikali ilikuwa inaandika siku nne. Alitamani Jenifa angekuwepo.

Marselina akatoa majibu ya zile chupa mbili: maji ya kidimbwi, bila muhogo ndani yake, yalikuwa na sumu ile ile. Hakimu akayapokea, akayaweka juu ya jalada, akamgeukia wakili wa kampuni.

“Una la kusema?”

“Ninalo, mheshimiwa. Hata kama yote haya ni kweli, kampuni iliyoshtakiwa haipo.”

“Haipo namna gani?”

“Mwezi wa tatu mwaka huu iliuza leseni na mitambo. Baada ya kuuza ikafungwa kisheria. Aliyenunua hakuwepo nchini mwaka 2005, kwa hiyo hahusiki. Iliyokuwa na hisa ni kampuni nyingine ya ng’ambo, ambayo haina ofisi hapa wala haijawahi kuchimba hapa. Ilikuwa na hisa tu.”

“Na wewe leo umetumwa na nani?”

“Nilitumwa na kampuni iliyokuwepo nilipotumwa, mheshimiwa.”

Marselina alisimama haraka. Alisema lambo bado lipo, maji bado yanavuja, dhahabu ilikwenda kwa mtu na mtu huyo ana jina. Alisema serikali ndiyo iliyotoa leseni na ndiyo iliyokubali iuzwe kesi ikiwa mezani. Alitaja vifungu. Wakili wa suti alikuwa anavijua, alitikisa kichwa kwa kila kimoja kama mtu anayesikiliza habari za wagonjwa.

“Mama,” hakimu alimwuliza Koleta, aliyekuwa bado kizimbani, “mumeo bado yuko getini?”

“Yupo. Mpaka jana alikuwepo.”

“Mshahara analipwa na nani?”

“Wanaleta bahasha. Haina jina.”

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. Alimwagiza karani atoke aiite kampuni, kwa utaratibu. Karani akasimama barazani, akalitaja jina la kampuni mara tatu, kila mara kwa matamshi tofauti, mbele ya watu waliokuja kwa kesi za mipaka ya mashamba na wizi wa mbuzi. Mmoja akauliza huyo ni mtu wa kijiji gani. Karani akarudi, akatikisa kichwa.

“Mzee Teofili, simama,” hakimu alisema.

Teofili akasimama. Shati lilikuwa limetoka kwenye suruali, akalichomeka.

“Huyu mama nimemwamini. Maji nimeyaona kwenye karatasi. Mkeo alikuwa anajua kazi yake, hilo nimekwishaliandika na litabaki humu. Ila hukumu siwezi kuiandikia hewa, lazima iwe na wa kuitekeleza.” Alishusha sauti, kama anamwuliza mtu wa nyumbani. “Sasa nikiandika kwamba anayehusika alipe, mzee, niandike ni nani?”